Pistoni za Nundu

Baba huniita Mama. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo tangu nizaliwe yeye ni baba yangu na mimi ni mama yake. Mambo hayo mawili hayakuwahi kugongana hadi tulipoifungua injini ya gari lake.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, milango miwili, boneti refu kama kitanda, na chini yake injini ya silinda nane. Alilinunua akiwa kijana kutoka kwa mkulima Mzungu aliyekuwa akiuza kila kitu arudi kwao, na tangu hapo eneo zima la Kwanza, huko kwetu Kitale, humjua kwa mlio kabla ya kumwona. Mimi nilitolewa nyumbani ndani yake nikiwa bibi harusi, nikaletwa Bungoma, ambako hadi leo nina duka la spea. Baba aliapa kwamba kitinda mimba wetu naye angeolewa kutoka kiti kile kile cha nyuma. Halafu pampu ya oili ikafa njiani, injini ikakwama, na harusi ya mdogo wangu ilikuwa imeshapangwa.

Nilidhani Baba angelia. Badala yake akasema afadhali, kwa kuwa gari lilikuwa limelegea siku nyingi.

"Miaka hii imenyamaza, Mama. Unakanyaga, inanong'ona tu. Nataka irudishiwe sauti yake."

Mimi sikuwa nimeona tofauti yoyote, lakini nani atabishana na mwenye gari?

Bloku ya injini ikaletwa Bungoma kwa pikapu hadi kwa fundi wa kuchonga silinda, jirani yangu wa miaka mingi. Akaipima, akaipima tena, akafuta mikono.

"Madam, hii broku imechongwa mala mbili tayari. Hii ni ya mwisho. Ukuta umebaki kidogo sana. Pistoni ikivunjika ndani ikwaruze hapa, basi, hiyo ni chuma ya skrepu."

Injini nyingine ya aina ile haiko Bungoma wala Kitale. Nimetafuta. Baba angebaki na boneti refu lisilo na kitu chini yake, na nilijua angezeeka siku hiyo hiyo.

Sasa ikabaki kuchagua pistoni, na hapo ndipo tulipokosana. Kuna za bakuli, ambazo kichwani zina shimo la kina kifupi. Petroli hupata nafasi, haibanwi sana, na injini inakuwa tulivu. Halafu kuna za nundu, zilizoinuka kichwani. Hizo zinaibana petroli hadi injini inanguruma na mwili unakusisimka. Ubaya wake ni kwamba petroli hafifu ikibanwa hivyo hulipuka kabla ya wakati wake, na kila mlipuko ni nyundo kichwani mwa pistoni. Utasikia kokokoko, kama kokoto ndani ya kopo. Ukisikia ukaondoa mguu, umepona. Usiposikia, pistoni inapasuka.

Injini ile ilizaliwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, iliyovumilia kubanwa. Siku hizi risasi hakuna, na ni haki, ilikuwa sumu. Lakini petroli tunayouziwa nayo ni bahati nasibu. Ninawaona wateja wangu wanavyokuja na pistoni zilizotoboka, wametiliwa kitu kilichochanganywa na mafuta taa. Niliagiza za bakuli moyoni hata kabla ya kumpigia Baba simu.

"Za nundu," akasema.

"Baba, zitagonga."

"Ati zitagonga? Si sisi tuko juu huku? Hewa ya Kitale ni nyepesi. Hata ukiibana, inabanwa kidogo tu."

Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa sahihi. Kitale injini hupumua hewa nyepesi, na nundu huvumilika. Nikamuuliza, na Kabuchai je? Kule kwa wakwe, kwenye harusi, tunateremka, joto linaongezeka, hewa ni nzito. Injini isiyogonga Kitale inaweza kugonga huko.

"Kabuchai ni hapo tu," akasema. "Mama, wewe unaogopa sana. Hii gari ni yangu, bana."

Nilikasirika, nikaagiza za nundu. Tukapatana jambo moja tu, kwamba gari lisionje petroli nyingine isipokuwa ile nzuri ya bei ya juu, na ya kurudia tuibebe wenyewe kwenye jerikeni. Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilikuwa nikiuza bolti dukani huku nasikia kokoto.

Siku ya kuiwasha Kitale, kuku walikimbia. Mlio ulipita kwenye mahindi ukarudi. Baba alisimama amefumba macho, akitabasamu kama mtu aliyeletewa barua ya mwanawe. Tukalizungusha gari hadi Kwanza na kurudi, nikiwa nimetoa kichwa dirishani nisikilize. Haikugonga hata mara moja. Nilitaka kufurahi, nikashindwa.

Asubuhi ya harusi mdogo wangu alikaa nyuma na shela lake limejaa kiti chote. Mimi nikakaa mbele. Baba alikuwa amevaa suti na kofia, na msafara wa jamaa zetu ulikuwa nyuma yetu ukipiga honi. Tulipita Kiminini vizuri. Tulipita Kamukuywa, nikaanza kujiambia kwamba mimi ni mwoga tu, mtu wa kuogopa hata kivuli chake. Kisha joto likaingia, miwa ikaanza kuonekana pande zote mbili, na kwenye mlima mmoja tukakuta trekta la miwa mbele yetu. Baba akakanyaga alipite.

Kokokokoko.

"Baba, inagonga!"

"Nini?"

"Inagonga! Toa mguu!"

"Inaimba!" akasema, akacheka, akakanyaga zaidi.

Nikamtazama usoni. Nilidhani ananifanyia mzaha, au ni kiburi cha mbele za watu. Lakini uso ulikuwa mweupe wa furaha, hauna hila. Sauti ile nyembamba, iliyokuwa ikinichoma hadi kwenye meno, yeye hakuwa nayo kabisa. Hapo ndipo niliogopa kikweli, kwa kuwa dereva wetu hakuwa akisikia, trekta lilikuwa ubavuni mwetu, na injini ikipasuka pale, oili ikamwagikia matairi, mdogo wangu alikuwa nyuma katika nguo nyeupe.

"Dadi, kuna nini?" akauliza mdogo wangu. Hata sauti yake Baba hakuisikia.

Tukalipita trekta. Bado anakanyaga. Nikamshika mkono uliokuwa kwenye usukani, nikasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Mwanangu, simamisha gari."

Mguu ukatoka. Gari likajikokota hadi ukingoni, likasimama. Msafara ukasimama nyuma yetu, wanawake wakaacha kuimba. Baba alizima injini na kukaa amelaza mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa na mamake mbele ya wenzake.

"Ilikuwa inagonga kweli?"

"Ndiyo, Baba."

"Sikusikia."

Akavua kofia.

"Kwa hivyo ile ya zamani haikuwa imenyamaza," akasema. "Ni mimi."

Niliona nguo zake za harusi, shingo yake iliyonyolewa vizuri, na nikataka sana kumwambia hapana. Sikuweza. Nikashuka, nikafungua boneti, nikauchelewesha kidogo moto wa plagi ili petroli isilipuke mapema, nikalifunga. Niliporudi, alikuwa amehamia kiti changu.

Nikaendesha mimi, polepole, mguu mwepesi kama ninakanyaga yai. Baba aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo auhisi mtetemo. Hofu haikuniacha, ilibadilika tu. Sasa nilikuwa nikiwaza kuhusu kuvuka kwake barabara, kuhusu pikipiki anazozisikia zikiwa zimeshafika, kuhusu mara zote nilizompigia simu akasema mtandao ni mbaya.

Pistoni za bakuli nimeshaagiza. Aliniambia mwenyewe niagize. Lakini siku ile, kila tulipofika kwenye mlima, alinigeukia na kuniuliza, "Inasema nini, Mama?" nami nikamwambia.