Kochi Lililoupa Mlango Mgongo

Leo baba yangu amesalimiwa kisogoni, na kosa ni langu.

Sebule yetu mpya iko wazi mpaka jikoni, haina ukuta wa kati. Wiki nzima nimechora kwenye daftari: kochi hapa, meza pale. Mwisho nikaamua kochi kubwa ndilo liwe ukuta. Liupe mlango mgongo, litazame dirisha la milimani.

Nilijiona fundi kweli!

Leo Baba kaja kutoka Malindi ya kwetu milimani, si ile ya pwani, mara yake ya kwanza kuiona nyumba. Nikamkalisha hapo kwa heshima zote.

Akaingia jirani, Mama Neema. "Shikamoo, mzee!"

Jamani, shingo ya Baba haigeuki vizuri. Ilibidi ainuke, azunguke mwili mzima, ndipo aitikie "Marahaba."

Akaja fundi wa madirisha. Yale yale.

Baba akainuka tena. Alichukua kiti cha meza ya chakula, akakiweka kuelekea mlangoni. Milima yote nyuma yake.

"Baba, dirisha je?"

"Milima naijua tangu nizaliwe. Nataka kuona nani anaingia kwa mwanangu."

Kwenu mzee anakaa akitazama wapi? Semeni upesi, nimeshalishika kochi nalisukuma.