Njia Iliyochorwa Vizuri Mno

Abdias Muyisa alikuwa fundi wa simu katika komini ya Vulamba, mjini Butembo, na kama mafundi wengi wa simu alikuwa na ugonjwa wa kuamini kwamba alizaliwa kufanya jambo kubwa kuliko kubadilisha vioo. Jambo lake kubwa lilikuwa mchezo wa simu aliouita Kitunga. Ndani yake mwanamke amebeba kitunga mgongoni, kamba imepita kwenye kipaji cha uso, anapanda vilima na kuvuka vijito kuelekea sokoni. Kazi ya mchezaji ni moja tu: mzigo usianguke. Watu wa Butembo waliupenda, maana kila mmoja ana mama au shangazi aliyewahi kubeba hivyo. Wanaume waliodhani ni mchezo wa kitoto walimwaga viazi kwenye kilima cha kwanza, wakanyamaza.

Sasa alikuwa ametoa nyongeza. Aliiita Chora, na kwa Chora kila mchezaji angeweza kuchora njia yake mwenyewe, aweke vilima, mito, madaraja na miti, kisha awape wengine waipite. Kwa kuwa megabaiti si za kuchezea, Abdias aliifanya njia iweze kuhama kutoka simu moja hadi nyingine bila mtandao, ilimradi wenye simu wamekaa karibu. Jambo hilo alijivunia kuliko yote. Mwisho akaweka namba yake ya WhatsApp na kuandika: tuambieni mnaonaje.

Wakamwambia. Nani alisema watu wetu hawana maoni! Padri mmoja wa Lubero alilalamika kwamba matope ni mepesi mno, matope ya Lubero hayamwachii mtu kiatu hivyo. Mwanamke mmoja alichora njia ya kwenda ukweni, akajaza mbwa, kisha akauliza kwa nini mbwa hawaumi. Kijana fulani alitaka askari wa kizuizi cha barabarani wa kuomba chochote, na Abdias akacheka mpaka mteja aliyekuwa akingoja simu yake akamkazia macho. Alisikiliza kila ujumbe wa sauti mara mbili. Kichwa kilimvimba, tuseme ukweli.

Kati ya njia zote, moja ilizishinda. Iliitwa Kwa Mama. Aliyeichora ni Jemima, fundi cherehani aliyekaa nyumba chache kutoka kwenye kibanda cha Abdias. Jemima alikimbia kutoka upande wa Beni wakati waasi wa porini walipochoma vijiji, akaja Butembo na cherehani kichwani. Mama yake alikataa kumfuata. Alihamia Beni mjini, lakini shamba lake la kakao hakuliacha.

Mwanzoni njia ya Jemima ilikuwa kilima na kijito tu. Abdias ndiye aliyemshauri. "Weka alama," alimwambia. "Mutu akipita ajue ako wapi." Basi Jemima akaweka. Mwavokado uliopasuliwa na radi. Ukuta wa kanisa lililobaki bila paa. Mahali njia inapogawanyika na wewe unashika ile inayoonekana haiendi popote. Jiwe ambalo mama yake hukaa kupumzika. Aliichora kwa uchungu wa mtu anayetaka kurudi nyumbani, na uchungu huo ulionekana. Watu walioicheza walisema wananusa kakao. Abdias akaiweka juu ya orodha, mahali pa kwanza, akaituma kwenye kila kundi alilolijua.

Ibrahim alipiga simu asubuhi, Abdias akiwa ameinamia simu ya mtu na bisibisi mkononi. Ibrahim alikuwa mchukuzi wa Beni mwenye lori la kununulia kakao, mtu wa maneno machache isipokuwa salamu, ambazo kwake huchukua dakika kadhaa. Siku hiyo hakusalimu.

"Abdias, ile njia ya Kwa Mama, nani aliichora?"

"Ni Jemima, yaya," alijibu, kama anayemwita kaka mkubwa. "Umeipenda?"

"Ile njia ni ya Mama Marie-Jeanne, mama yake. Minanunuaka kakao yake pale inatokeaka ku barabara. Nimeona muti ya avoka, nimeona ukuta ya kanisa, nikajua. Na kama mimi nimejua, mwenye kukaa mu pori atashindwa kujua?"

Abdias alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuelewa. "Yaya Ibrahim, lakini ni mchezo tu."

"Mchezo?" Sauti ya Ibrahim ilishuka badala ya kupanda. "Petit, mudogo wangu, wewe uko Butembo. Huku kwetu mutu haulizake mwenzake unaenda wapi. Hata bwana na bibi, mmoja akiamukia shamba, mwingine haulizi amepita wapi. Njia zake zingine zote zilifungwaka na watu kufa. Ilibaki hii moja. Na mama ameenda shamba leo."

Bisibisi ilianguka. Abdias aliisikia ikigonga sakafu, hakuinama.

"Tumupigie simu," alisema.

"Simu anaachaka ku nyumba. Ikilia mu kakao, itamuita mwenye hakuitwa."

Abdias aliiondoa njia ile papo hapo. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Jina likatoweka juu ya orodha, na kwa pumzi moja alijidanganya kwamba mambo yameisha. Kisha akakumbuka lile alilojivunia kuliko yote. Njia ilikuwa imekwisha kuhama, simu hadi simu, kwenye vituo vya pikipiki, sokoni, shuleni, Beni nzima, na hakuna kamba aliyofunga ya kuivutia nyuma. Alifunga kibanda, akamwacha mteja barabarani akiuliza simu yake, akaenda kwa Jemima.

Jemima alikuwa akishona sare za kwaya. Alipomwona Abdias alitabasamu, akadhani ameleta maoni mengine.

"Jemima, mama yako anapitaka ile njia mpaka leo?"

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa. "Juu ya nini unaniuliza?"

Akamweleza. Hakujua namna ya kulainisha neno, kwa hiyo hakulilainisha. Mguu wa Jemima ulisimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Mi nilizania alikuwa amepata njia ingine," alisema. "Hasemake. Ukimuuliza anasema, niko tu. Nilichora ile ya zamani, ya wakati tulikuwa batoto. Sikujua njo ile tu imebakia." Akashika kitambaa cha sare akakikunja mkononi, na hakujua kwamba anakikunja. "Abdias, mimi njo nimemuchora mama."

"Hapana. Mimi njo nilikuambia uweke alama."

Hakuna aliyebishana tena. Walipiga simu ya mama, na ikapokelewa na jirani yake wa Beni, Tamar, ambaye alisema ndiyo, ametoka mapema, na hapana, hakuna mtu wa kumtuma. Nani atatumwa? Atakayetumwa naye ana mama. Na mtu akionekana anakimbia kuelekea kule, kila anayemwona atajua kuna kitu kule cha kukimbilia. Mama Marie-Jeanne angerudi jua likianza kulegea, kama kawaida yake, kwa njia ileile. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja.

Kungoja ni kazi mbaya. Jemima alijaribu kushona akashona mkono wa sare ukutane na shingo, akaufumua, akaushona vilevile. Simu ya Abdias haikunyamaza. Watu wa Chora walikuwa wamegundua.

"Mbona mumetoa Kwa Mama? Ile njo ilikuwa bien!"

"Nilifika mpaka karibu na ile jiwe, na sasa munaiondoa! Hii ni wizi."

"Chora ya bure kabisa. Nafuta."

Mwingine, mwenye huruma, alituma neno la faraja: wasihofu, yeye anayo kwenye simu yake, anayeitaka amkute stesheni ya Beni atamgawia. Abdias aliusikiliza ujumbe huo. Akamjibu kwa kumwomba aifute. Kijana akauliza kwa nini. Abdias akaandika sababu, akaifuta kabla ya kuituma, kwa sababu sababu ile ndiyo hasa iliyokuwa siri. Angesema nini? Akimwambia njia ni ya kweli, amemwongezea alama moja kubwa kuliko mwavokado. Akabaki na simu mkononi, fundi mzima, hajui aandike nini.

Saa sita Ibrahim alipiga tena. Alikuwa amemtuma dereva wake apite barabara kuu polepole, kama mtu anayetafuta abiria. Dereva aliona vijana wamekaa kwenye kivuli pale njia inapotokea, wamezunguka simu moja.

"Vijana gani?" Jemima alimnyang'anya Abdias simu. "Yaya Ibrahim, vijana gani?"

"Hakubajua."

"Walikuwa wanacheka?"

"Ndiyo, walikuwa wanacheka. Lakini kila mutu anachekaka, mwana wangu."

Baada ya hapo Jemima alitoka nje, akaegemea ukuta, akaanza kusali rozari kwa vidole kwa kuwa ya shanga haikuwa karibu. Abdias, ambaye Jumapili hulala, alisali naye. Alipotea katikati ya Salamu Maria akarudia mwanzo, na hakuona haya. Alikuwa anaogopa, na aliogopa kama mtoto.

Jua lililegea. Likazidi kulegea. Saa ya kawaida ya mama ikafika, ikapita. Simu ilipolia Jemima alikataa kuishika. Abdias aliipokea akaiweka sauti juu.

"Amefika," Ibrahim alisema. "Ako hapa na kitunga yake. Ongeeni naye."

Jemima alikaa chini palepale kwenye udongo. Alilia kwanza, akaongea baadaye, na aliyoyaongea aliyaongea yote. Hakumficha mama yake kitu.

"Uliweka na muti ya avoka?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na pale inagawanyikaka?"

"Ndiyo."

"Na jiwe yangu?"

Abdias alijibu badala ya Jemima. "Ndiyo, mama. Na jiwe."

"Basi ile njia imekufa," Mama Marie-Jeanne alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowaumiza. "Kakao imeiva, hata leo nimeacha mingi ku muti. Nilikuwa nasema, nitarudi kesho. Basi. Sitarudi."

"Mama, pengine hakuna mutu mubaya ameiona," Jemima alisema.

"Pengine. Utajua lini, uniambie?"

Swali hilo halijapata jibu hadi leo. Hakuna aliyevamiwa kwenye njia ile, kwa kuwa hakuna aliyeipita tena. Vijana wale wa kivulini huenda walikuwa vijana tu. Kakao ilikauka juu ya miti, au ilivunwa na mikono mingine.

Abdias aliifunga Chora. Alipoifungua tena, haikukubali njia yenye jina la mahali, wala haikuhama kutoka simu hadi simu, na kila mchoraji alionywa asichore njia inayopitwa na mtu aliye hai. Watu walimtukana wiki nzima. Wa Butembo walisema amekuwa mwoga. Wa Beni hawakusema kitu, isipokuwa Ibrahim, aliyetuma neno moja la Kinande alilojifunza kwa wateja wake: wasingya. Asante.

Mama Marie-Jeanne alihamia Vulamba kwa mwanawe. Shamba lilikuwa ndilo lililomfunga Beni, na sasa halikumfunga tena. Siku moja mchana aliingia kwenye kibanda cha Abdias, mwanamke mfupi mwenye alama ya kamba kwenye kipaji cha uso, akakaa kwenye benchi la wateja bila kuombwa.

"Mutoto wangu, nionyeshe ile njia."

Abdias alikuwa na nakala moja aliyopaswa kuwa ameifuta. Aliona aibu kuitoa, akaitoa. Akamwonyesha mahali pa kuweka kidole. Mama alianza kutembea. Alikwenda taratibu kuliko mchezaji yeyote ambaye Abdias aliwahi kumwona, na kitunga hakikutikisika. Alipita mwavokado. Alipita ukuta wa kanisa.

"Kijito iko huku kushoto," alisema. "Jemima alisahau."

"Nirekebishe, mama?"

Alimtazama mpaka Abdias akainamisha macho. "Acha ikuwe ya uongo."

Alifika kwenye jiwe akasimama hapo. Mchezo ulimhesabia muda kwa rangi nyekundu, yeye hakujali. Kisha akaendelea mpaka shambani, kati ya miti ya kakao ambayo Jemima aliichora mmojammoja, na akagusa tunda moja kwa kidole. Akaligusa tena.

"Hapa mutu anavunaka namna gani?"

Katika maoni yote yaliyowahi kumfikia Abdias, hakuna aliyemuuliza hilo. "Haiko namna, mama. Sikuweka."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi futa."

Akaifuta mbele yake, akamwonyesha kioo kitupu.

"Na kule, mu simu ya bale bengine?"

Angeweza kumdanganya. Alilifikiria, na akaona hataki.

"Kule siwezi kufika, mama."

Mama Marie-Jeanne alikaza kitenge chake kiunoni, akainuka. "Hata mimi, ku shamba yangu," alisema, akatoka.