Mheshimiwa wa Chini ya Orodha

Orodha ilitoka Jumanne, muda mfupi baada ya adhana ya Magharibi hapa Qatar, kule Marekani ikiwa bado asubuhi. Nilikuwa nimeketi kitandani chumbani kwetu Al Wakrah, sare ya kazi ingali mwilini, kiatu kimoja nimekivua na kingine bado. Nikaisoma kutoka juu. Mchezaji bora wa msimu. Mlinzi bora wa msimu. Timu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jina la binti ya kaka yangu halikuwepo. Nikateremka hadi chini kabisa, mahali herufi zinapokuwa ndogo kama za masharti ya benki, na hapo ndipo nilipomkuta, amebanwa katikati ya majina mengine, chini ya maneno Honorable Mention. Yaani hawa nao tunawataja kwa heshima. Na hata katika kumtaja kwa heshima walikosea herufi moja ya jina lake.

Nilitukana kwa sauti. Sijutii.

Mwenzangu wa chumba, Mganda, Muislamu, askari wa mlangoni kama mimi, alikuwa mkekani anafuturu. Alinisogezea chupa. "Nyabo," akaniita, yaani bibie kwa Kiganda chake, "kunywa maji kwanza halafu utukane."

"Mimi sijafunga."

"Basi kunywa hivyo hivyo."

Nieleze kidogo. Msichana huyu yuko mwaka wa mwisho katika chuo kidogo kwenye jimbo la mahindi na upepo, na kilichompeleka huko ni mpira wa kikapu. Vyuo vya upande ule vina ligi yao ambayo wenyewe huiita conference, jambo ambalo mama yangu kule Nakuru hajawahi kulikubali. "Mkutano gani huo umeanza Novemba na mpaka leo haujaisha?" huniuliza. Msimu unapomalizika, kabla ya mashindano ya mtoano, makocha hupiga kura na kutangaza waliong'ara. Wengi hupigia kura wale waliofunga pointi nyingi. Hawasemi hivyo, lakini soma orodha yoyote uone.

Binti yetu hafungi sana. Kazi yake ni kuzuia. Akipewa mfungaji hatari wa timu pinzani, mfungaji huyo hulala njaa. Nasema hivi bila haya kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, kwenye uwanja wa saruji iliyopasuka wa shule niliyosoma, akiwa bado mdogo wa kunifika kifuani. Nilimwambia asiangalie mpira wala macho ya mtu, aangalie kitovu. Macho yanaweza kukuonyesha kulia huku mwenyewe anakwenda kushoto, lakini kitovu lazima kiende na mwenyewe. Alicheka sana siku ile, na kwa wiki nzima akawa anaangalia vitovu vya watu nyumbani mpaka mama akamkemea.

Tuzo ya mlinzi bora walimpa msichana mmoja mrefu anayeruka na kuupiga mpira mpaka kwa watazamaji. Ni kitu cha kupendeza kwenye video, sikatai. Lakini ukimtazama vizuri, anaruka kwa sababu mtu ameshampita. Mtu wa kwetu hapitwi, kwa hiyo haruki, kwa hiyo hana video. Ningependa kocha mmoja kati ya hao waliopiga kura aje anieleze hapo nimekosea wapi.

Na mimi nalijua jambo hili kwa mwili wangu. Ninalinda mlango wa mnara wa ofisi huko West Bay, Doha. Karibu na lifti kuna fremu ya mfanyakazi bora wa mwezi. Tangu nifike nimeona humo sura za watu wa mapokezi, wa usafi, hata fundi wa viyoyozi. Askari, hakuna. Mudir wetu, yaani meneja, aliwahi kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba ni vigumu kumpa askari tuzo kwa sababu siku yake ikienda vizuri hakuna kilichotokea. Nilimwitikia yes sir. Moyoni nilimjibu mambo mengine.

Sisi askari tuna kitabu cha matukio, OB, ambamo kila zamu huandika kilichopita mlangoni. Tangu mwaka wake wa kwanza chuoni nimekuwa na OB ya pembeni, daftari la shule lenye jalada la bluu, ambamo naandika mechi zake. Magazeti ya huko huandika waliofunga. Mimi naandika waliozuiwa. Mwenzangu alikuwa hajawahi kulisoma. Jumanne hiyo alilichukua, akafuta mikono kwanza, akasoma ukurasa mmoja polepole.

"Eh," akasema. "Lakini hii si ni kazi yetu?"

"Ndiyo nimekuwa nikisema."

"Sasa kwa nini wamemweka chini hivyo?"

Hilo swali ndilo lililonichemsha. Nikaipiga orodha picha, nikaituma kwenye kundi la familia, na juu yake nikaandika: Oneni vile wamemfanyia mtoto wetu!!! Alama tatu za mshangao. Nikazima simu nikaenda kuoga.

Sasa, kosa lilikuwa langu na nalibeba mwenyewe. Kiswahili chetu kina neno hilo moja tu, kufanyia, kwa mema na kwa mabaya. Mtu hufanyiwa sherehe, na mtu huyo huyo hufanyiwa unyama. Mimi niliandika nikiwa na hasira. Mama yangu alisoma akiwa mama wa kanisa, na masikio ya kanisa yanajua aina moja tu ya kufanyiwa: Mungu amenifanyia makuu. Akavaa miwani, akapekua picha, akalikuta jina la mjukuu wake, na juu ya jina hilo, kwa Kiingereza anachokifahamu vizuri sana kutoka kwenye mabango ya uchaguzi, neno Honorable.

Jumatano, kwenye maombi ya akina mama, alisimama akatoa ushuhuda kwamba mjukuu wake amefanywa Mheshimiwa Amerika.

Niliyapata hayo Alhamisi jioni kutoka kwa msichana mwenyewe. Alipiga akiwa analia, au ametoka kulia, sauti imeziba.

"Anti, shosho ananiita Mheshimiwa."

"Nani? Mama?"

"Ati kanisa yote ilisimama. Wameniombea nisisahau watu walionichagua."

Naomba nisamehewe, nilicheka. Hakucheka. Nikaacha.

"Anti, mimi si wa mwisho hata. Niko chini ya wa mwisho. Na sasa huko home niko kwa maombi kama mbunge. Wakijua, nitaonekana aje?" Akavuta pumzi. "Kesho sichezi. Nitaambia coach goti inauma. Hawezi nilazimisha."

"Goti gani?"

"Yoyote."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Mtoano wao ulikuwa unaanza Ijumaa. Ukipoteza mechi moja umekwenda nyumbani, na kwa mtu wa mwaka wa mwisho, nyumbani ni nyumbani moja kwa moja. Miaka yote ile, saruji yote ile iliyomchuna magoti ya kweli, ingeishia kwenye benchi na goti la uongo, eti kwa sababu ya karatasi moja. Nilimwona akiwa na umri wangu, amesimama kwenye mlango wa mtu, akiwaza ile mechi aliyoikimbia. Nisingekubali. Wacha makocha wamnyime tuzo, hilo liko mikononi mwao. Mechi ilikuwa mikononi mwake.

Lakini sikujua la kumwambia. Mimi si mtu wa hotuba. Nikachukua daftari la bluu nikaanza kumsomea, kwa ile sauti yetu ya kukabidhi zamu.

"Robo ya kwanza. Mgeni namba tatu alijaribu kuingia kupitia kushoto. Alirudishwa."

"Anti, hiyo ni nini?"

"Nyamaza nisome. Robo ya pili. Mgeni yule yule alijaribu tena, safari hii amekuja na mwenzake. Wote wawili walirudishwa. Robo ya tatu. Mgeni hakuonekana langoni. Robo ya nne. Mgeni aliomba kuingia kwa refa. Refa alimfungulia. Mlinzi hana kosa."

Kikatoka kicheko kidogo, cha puani. Nikamsomea mechi nyingine, na nyingine. Nilisoma mpaka mwenzangu akaweka kikombe cha chai karibu nami. Nilipofika mwisho wa msimu aliniuliza, "Umekuwa ukiandika hiyo tangu lini?"

"Tangu ulipoenda."

Hakusema atacheza. Alisema tu, "Ambia shosho ukweli, Anti. Tafadhali." Kisha akakata.

Basi nikampigia mama. Nilimweleza yote, taratibu, kama mtu anayeondoa mwiba. Kwamba Honorable Mention si cheo. Kwamba ni ile sehemu ya kuwapoza waliokosa. Kwamba nilipoandika wamemfanyia, nilimaanisha wamemtendea vibaya. Mama alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni nadra sana.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Hilo neno mimi ndiye niliyeliandika?"

"Hapana."

"Wewe ndiye uliyeliandika?"

"Hapana, mama. Ni wao."

"Basi mimi sirudi mbele ya kanisa kufuta maandishi ya watu wengine. Waliandika Honorable kwa mikono yao. Kama walikuwa wanatania, utani umewageuka. Mwambie Mheshimiwa ale vizuri kesho."

Akaanza kuniuliza kama joto la huku limeshaanza. Nilimjibu, lakini akili yangu haikuwepo. Nilikuwa nimekaa miaka nikidhani ukali huu niliupata kwa marehemu baba. Nikayarudia maneno ya mama, neno kwa neno, kwenye ujumbe wa sauti, nikamtumia msichana. Alama mbili za bluu zikatokea. Jibu halikuja.

Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko. Mechi yao ilipangwa mchana kule, huku futari imeshaondolewa mkekani. Tuliegemeza simu kwenye boksi la tende. Niseme mapema, ili mtu asikae akingoja kombe: walitolewa kesho yake, walipigwa vizuri tu, na hakuna nitakalolitia chumvi. Ninayoizungumzia ni mechi ya Ijumaa.

Wachezaji walitoka mmoja mmoja. Sikumwona. Nikatazama benchi, nikitafuta mtu aliyevaa nguo za kawaida na barafu gotini.

"Si yule?" mwenzangu akasema, na kidole chake chenye sukari kikagusa kioo.

Alikuwa uwanjani, anakimbia kinyumenyume kama anavyofanya siku zote kupasha miguu. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amezungusha utepe mweupe, na juu ya utepe ameandika kitu kwa kalamu nyeusi. Kamera ilipomsogelea nilisoma: MHESHIMIWA. Nilisimama. Mwenzangu naye akasimama, ingawa sidhani alijua kwa nini.

Mtangazaji aliliona pia. Alilijaribu mara mbili, akakwama kwenye zile herufi tatu za mwanzo kama mtu aliyemeza mfupa, halafu akabahatisha kwamba huenda ni jina la kijiji chake. Nilimwacha aendelee kuhangaika. Yeye na wenzake walikuwa wamelikosea jina lake halisi msimu mzima.

Timu pinzani ndiyo yenye yule mchezaji bora wa msimu, na zamu ya kumlinda ilikuwa ya nani unajua. Sitasimulia mechi yote. Huyo mchezaji bora alifunga kiasi, kwa sababu ni mchezaji kweli, mimi simnyimi mtu haki yake eti kwa kuwa wetu amenyimwa. Lakini kila kikapu alikitolea jasho. Zikabaki sekunde kama kumi, sisi tuko mbele kwa pointi moja, na mpira uko kwake.

Uwanja mzima ulijua anakwenda kufunga. Alitikisa bega la kulia. Akaangalia kulia. Hata mimi huku Al Wakrah niliinama kulia. Yule mtoto hakuinama. Macho yake yalikuwa chini, kitovuni, na mchezaji bora wa msimu alipokata kushoto alimkuta ameshafika, amesimama, mikono juu, hajamgusa. Akageuka. Akamkuta tena. Akautoa mpira kwa mwenzake kwenye kona, na kengele ikalia mpira ukiwa bado mikononi mwa huyo mwenzake.

Hakuna aliyeruka. Hakuna mpira uliopigwa mpaka kwa watazamaji. Waliporudia matukio ya mechi walionyesha vikapu vya wengine, na mtangazaji akasema mchezaji bora amepoteza nafasi. Amepoteza! Nilimjibu kwa maneno ambayo mwenzangu aliniomba nikayatubie, kwani mwezi ni mtukufu hata kwangu mimi nisiyefunga.

Halafu nikafungua daftari la bluu, nikaandika kama tunavyoandika kazini.

"Robo ya nne, sekunde kumi za mwisho. Mgeni alifika langoni. Alijaribu kulia, alijaribu kushoto. Hakupita. Hakuna kilichotokea."

Chini ya kila taarifa huwa tunaweka jina la askari aliyekuwa zamu. Mudir hatalisoma daftari hili, wala wale makocha. Nililiandika kwa herufi kubwa hata hivyo, na sikukosea hata moja.

"Zamu: MHESHIMIWA."