Ua la Bondeni, Nikiwa Edani

Kipindupindu kilimchukua mume wangu wakati wa masika, mimi kikaniacha. Watu wa huku Moa walisema nina bahati. Sijaiona. Niliwekwa eda chumba cha nyuma, miezi minne na siku kumi, na bonde letu la majimaji likabaki mikononi mwa mdogo wake marehemu. Yeye alitaka kulichimba mtaro, alikaushe, alime mpunga.

Siku hizo akaja binti wa chuo, anatafuta okidi za mwituni. Alisema akiliona ua analolitafuta, ambalo ni adimu, atatoa taarifa, na mtaro utasimamishwa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini miaka yote nakata nyasi bondeni, ua lile nalijua. Tukakaa mkekani, akanionyesha picha kwenye simu. Nyingi nilizikataa. Hili majani membamba mno. Hili shina limetokea katikati. Langu shina hutoka pembeni ya majani, linanipita kiuno, maua ya zambarau yenye ulimi mpana, na mizizi yake majini. Mwisho nikaigusa moja.

"Ndilo, mama," akasema. "Lakini lazima nilione kwa macho, likiwa na maua."

Mjane hatoki edani, na mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni. Nikamwomba shemeji ampeleke kwenye mikindu, ndiko ua lile huota.

"Shemeji nawe," akacheka, "ua lenyewe hata ng'ombe hawalili."

Akampeleka upande wa pili, dimbwini, kwenye yungiyungi. Binti aliporudi nikamuuliza kuhusu mikindu, akasema hakuiona. Bodaboda ilishaitwa. Akaahidi kurudi wiki ijayo. Siku ya tatu nikasikia majembe.

Wanaponiambia ni kudra, nasema kipindupindu ndiyo kudra. Mtaro ni shemeji, na mke wake aliyewapikia chai wachimbaji, na mkwe wangu aliyejua akanyamaza, na mwenyekiti wa kitongoji aliyepelekewa mchele wa kwanza.

Nilipotoka eda niliokota viazi viwili vya ua lile ukingoni mwa mtaro, nikavipanda kwenye beseni bovu. Vikatoa majani. Nikaomba simu ya jirani, nikampelekea binti picha.

"Mama, majani haya yanafanana na mengi," akajibu. "Bila ua siwezi kuandika jina."

Huu mwaka wa tatu, ni majani tu. Kila asubuhi naenda kulitazama beseni kabla sijasema na mtu. Na mtu mwenyewe wa kusema naye hayupo.