Viazi vya Siku ya Kumi na Moja

Wapo watu Mbinga ambao hadi leo wanasema Mama alivunja mfungo wake kwa tamaa ya kahawa ya Litembo. Nakataa. Nilikuwepo, nimeketi karibu naye kama kola na shingo, na cheti changu cha masomo ya usiku kinaniruhusu kubishana na yeyote, hata aliyesoma mchana.

Mama, kama wote tulivyomwita, alikuwa Mhindi, mjane, mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa. Mimi nilikuwa karani wake. Sisi Wakatoliki kufunga tunakujua: Kwaresima ikija unaacha nyama, Ijumaa unakula samaki, Pasaka unalipiza kisasi. Mama alifuata mwezi. Siku ya kumi na moja tangu mwezi uandame, na tena ya kumi na moja tangu uwe mpevu, hakugusa nafaka wala maharage. Nyama na samaki hakuvigusa maisha yake yote. Basi siku yake ikawa inatembea, leo Jumanne, mara nyingine Jumamosi. Wateja walimtania, "Mama, mfungo wako hauna anwani?" Naye huku akipima kitambaa, "Pasaka yenu inakaa tarehe gani?" Wakalipa na kuondoka.

Soko huria lilipofika, kahawa ambayo zamani iliuzwa kwa ushirika tu ikapata wanunuzi wengi kuliko mibuni. Mama naye akaingia. Kule Litembo kulikuwa na mzee mmoja ambaye akimuuzia mtu, mlima mzima unamfuata. Bila kahawa yake, gari tulilokodi lingerudi limebeba hewa, na duka lingefungwa. Mzee akatuma neno: njooni Alhamisi, tule, tuzungumze. Alhamisi hiyo ilikuwa ya kumi na moja. Mama akajibu kwa kinywa cha dereva kwamba anakuja, ila amefunga.

Nyumba ya Mzee ikafanya heshima iliyoijua. Kuku waliokwisha kukamatwa wakafunguliwa. Mke wake akaagiza mbasa kutoka ziwani, samaki mrefu kama mtoto wa kipaimara, akasonga ugali mweupe, akaunga maharage. Tulipoketi mkekani, kitu pekee ambacho Mama angeweza kuweka mdomoni kilikuwa maji ya kunawa.

Tulimkuta mnunuzi mwingine, kijana mwenye miwani ya jua, anakula kwa bidii ya watu kumi.

"Shikamoo, Mzee," Mama alisema.

"Marahaba, mama. Nyama hatukupika. Tumeheshimu mfungo wako."

"Nashukuru sana. Lakini leo sili ugali, wala maharage. Na samaki sili siku zote."

"Sasa utakula baraka?" kijana akauliza.

Mzee hakucheka. "Asiyekula kwangu habebi kahawa yangu. Kesho watasema nimemshindisha mgeni na njaa."

"Tonge moja tu, Mama," kijana akasema. "Mwezi hauoni, ni mchana."

"Wewe ndiye ungefunga ili uonekane," Mama akamjibu.

Nikamnong'oneza Mama aonje japo kidogo. Alinitupia jicho moja, nikanyamaza karibu hadi mavuno yaliyofuata.

"Viazi hamna?" akamuuliza mke wa Mzee.

"Vipo jivuni. Vya watoto wakitoka shamba."

"Mgeni hapewi viazi vya jivuni katika nyumba hii," Mzee akasema.

"Basi sitapewa."

Akainuka. Akaingia jikoni, mahali ambapo kwetu mgeni hakanyagi, akachokoa jivu kwa kijiti, akarudi na viazi kwenye upindo wa sari. Akaketi mbele ya Mzee, akamenya, akala bila chumvi, polepole, hadi vikaisha. Kiazi si nafaka. Anayebisha aje na cheti chake.

"Nimekula kwako, Mzee. Wakikuuliza, waambie mgeni alikuwa na kiburi, akajipakulia mwenyewe."

Mzee alitazama maganda yale. Kisha akamgeukia mkewe.

"Vimebaki?"

"Vipo."

"Lete. Mgeni hawezi kula peke yake kama mgonjwa."

Akamenya kimoja, akala, jivu likamshika masharubu. Akajifuta, akaniambia, "Karani, shusha mizani."

Kijana akaweka tonge chini. "Mzee, hii si haki. Mimi nimekula samaki wako karibu mzima."

"Na umekula vizuri, mwanangu," mke wa Mzee akasema, akimsogezea maji ya kunawa.