Kovu Mgongoni mwa Tembo

Nives Tassinari alitengeneza meno bandia hapa Ferrara, Italia, kwa miaka thelathini na mmoja, na mengi ya meno hayo bado yanatafuna mjini. Sisi wa chama cha wakusanyaji sarafu tulimjua kwa macho yake. Ukimpa dinari ya Kirumi iliyolika hata jina la mfalme limefutika, ataigeuzageuza dirishani, aangalie herufi mbili zilizosalia na jinsi nywele zilivyofungwa, kisha akutajie ni ya nani. Hakubahatisha.

Alikuwa mwanamke pekee chamani, na mwenyekiti wetu, Ermete Guidoboni, hakuchoka kumtania.

Jumapili moja ya Novemba, ukungu umefunga mji, Ermete alileta sarafu yake mpya: dinari ya Kaisari, yenye tembo anayekanyaga nyoka. Tuliipitisha mkono kwa mkono, kila mtu akimpongeza. Ilipomfikia Nives, alitoa lenzi akaikagua pande zote.

"Vipi, fundi?" Ermete akamuuliza. "Umeona tundu la kuziba?"

"Nisubirini. Nafika nyumbani mara moja."

Akapanda baiskeli. Baada ya nusu saa alirudi, nywele zimelowa ukungu, na kisanduku mkononi. Ndani mlikuwa na dinari yake mwenyewe ya tembo, sarafu ya kwanza kabisa aliyonunua, akiwa na miaka ishirini na miwili. Wote tuliijua, ndiyo aliyojivunia kuliko zote.

Aliziweka mbili hizo juu ya kitambaa.

"Tazameni mgongo wa tembo wa Ermete. Kuna kovu dogo. Sasa tazameni wangu."

Kovu lilikuwa lilelile, mahali palepale, limepinda vilevile.

"Basi zilipigwa kwa muhuri mmoja," Ermete akasema.

"Muhuri mmoja ungefananisha tembo, hilo sikatai. Lakini hili ni jeraha la sarafu iliyokwisha kutumika. Umeona wapi magari mawili yakabonyea sawasawa? Mtu alichukua sarafu moja halisi yenye kovu, akaifanyia kalibu, akamimina fedha iliyoyeyushwa. Na hivi vitundu vya hewa ukingoni mwa zote mbili navijua. Ndivyo vinavyoniharibia meno ninayomimina kila wiki."

Ermete aliinama na lenzi yake kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo na yako pia?"

"Na yangu pia. Miaka yote hii nimewaonyesha bandia." Hakuinamisha kichwa.

"Si ungeiacha yako nyumbani, Bi Nives? Aibu ingekuwa yangu peke yangu."

"Bila yangu ungeniamini?"

Ermete akacheka, na sisi tukapata ruhusa ya kucheka.

Mkutano uliofuata Ermete alikuja na trei zake zote kumi na nne za sarafu. "Zipitie," akamwambia Nives, mbele ya watu. Nives alizipitia hadi jioni. Alitoa bandia tatu, na moja ambayo Ermete aliidhani ya kawaida akamwonyesha kuwa ni adimu, kwa sababu ya herufi moja chini ya farasi.

Siku hizi watu humjia na sarafu zao kutoka miji ya Padova na Modena. Yeye huwakaribisha mezani, huwasha taa, na huanza na ukingo. Sarafu zake mwenyewe ni mia mbili na kumi na moja, na hakuna hata moja asiyoweza kuitetea mbele ya yeyote.