Mtu wa Kando ya Pazia

Mwalimu wetu wa historia hapa Buffalo alizima taa akatuonyesha sinema za mwanzo kabisa. Hazina rangi, hazina sauti. Moja ilikuwa ya watu wanaotoka kiwandani: wanapita kwenye lango kubwa, mbio mbio kama kuku waliofunguliwa bandani, halafu basi, imekwisha. Haifiki hata dakika moja. Wenzangu walicheka. Mimi niliendelea kungoja kitu kitokee.

Mwalimu akasema tusidhani watu wa zamani walikaa kimya mbele ya picha hizo. Kulikuwa na piano. Na mahali pengine kulikuwa na mtu anayesimama kando ya pazia la picha, akiwaeleza watazamaji nani ni nani, na anasema nini. Sauti ilipoingia kwenye sinema, akasema, kazi ya mtu huyo ikafa.

Mkono wangu ulitaka kupanda. Nikaukalia. Darasani mimi siongei. Lakini kama ningeongea, ningesema kazi ile haikufa wakati huo, maana baba yetu, Papa, aliifanya kambini tulipokuwa wakimbizi, na mimi nilimwona.

Kambini kulikuwa na kibanda cha video. Filamu zilikuja kwa Kiingereza au Kichina, na hakuna aliyejua lugha hizo, Papa akiwa wa kwanza kutozijua. Alisimama karibu na televisheni, akapaza sauti kuishinda jenereta, akasema maneno ya wote: ya jambazi, ya polisi, ya mama anayelia. Jambazi wake kila mara alikuwa amekosana na shemeji yake. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Siku Papa alipougua malaria, walichungulia mlangoni, wakaona televisheni inajisemea peke yake, wakarudi nyumbani.

Mdogo wangu wa kiume hakuyaona hayo, alikuwa bado mgongoni kwa Mama. Yeye alianzia shule Louisville, mji wetu wa kwanza baada ya kambi, tulipokaa mtaa wa Beechmont, na Kiingereza kilimwingia upesi kuliko sisi wote. Halafu Krismasi moja tukaenda mji wa Columbus kwa shangazi. Sebule ilijaa watu wa kanisa, filamu inaendelea, na shangazi akamwambia Papa, kaka yake mkubwa, "Yaya, simama utufasirie kama zamani!"

Papa akasimama. Alikuwa ameanza kupata moto, wazee wanapiga makofi, mdogo wangu akasema kwa Kiingereza, kwa sauti, "Papa, hakusema hivyo. Amesema gari limeharibika, basi."

Watoto wa shangazi wakaangua kicheko. Papa naye akacheka kidogo, akaketi. Nikafikiri: hapa ndipo ilipokufa. Siyo zamani zile za mwalimu, ni Columbus, kwenye kochi la shangazi. Tangu siku hiyo, filamu ikiwaka nyumbani, Papa anakwenda kuosha vyombo. Tulihamia Buffalo, bado anaosha vyombo. Mama anamsifu kwa wamama wenzake. Mimi sikutaka vyombo visafi. Nilitaka kumsikia tena.

Kwa hiyo Jumamosi, tuliporudi kutoka madukani Grant Street na unga na dagaa, tukala, nikaweka kompyuta ya shule mezani. Papa tayari alikuwa kwenye sinki. Nikawasha ile ya kiwanda.

"Sauti iko wapi?" mdogo wangu akauliza kwa Kiingereza chake.

"Haina. Wakati ule haikuwepo."

"Sasa wanasema nini?"

"Hakuna anayejua," nikasema, nikapaza sauti ifike kwenye sinki. "Papa, hakuna mtu duniani anayejua."

Maji yakaacha kutiririka. Akaja, anajifuta mikono kwenye suruali, akainama. Picha ikaisha.

"Rudisha."

Nikairudisha.

"Bon," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu chenye Kifaransa ndani. "Hawa bamemaliza shifti. Angalia miguu. Miguu ya asubuhi haitembeake vile." Akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu mama wa kofia anaambia mwenzake, 'Leo supavaiza amenitazama mpaka nikasahau jina yangu.' Na huyu anageuka nyuma, unaona? Anaogopa batamwita arudi, ovataimu."

Mama akacheka kutoka kwenye kiti chake mpaka akakohoa. Mdogo wangu hakucheka.

"Unajuaje, Papa? Hawasemi kitu."

Nikashika ukingo wa meza.

"Donc, nani atanikatalia?" Papa akamjibu. "We ulikuwa pale?"

Mdogo wangu alitazama kioo, akamtazama Papa, akarudi kwenye kioo. Kisha akauliza, safari hii kwa Kiswahili, kibovu lakini Kiswahili: "Na ile ya baiskeli... inaenda wapi?"

"Ah! Ule?" Papa akavuta kiti, akaketi katikati yetu. "Ule iko na kesi na shemeji yake. Rudisha."

"Na vyombo?" Mama akauliza.

"Bingoje."